Utangulizi: Kuzisoma Nyumba za Lacock

Barabara kuu ya kijiji cha Lacock, katika kaunti ya Wiltshire kusini-magharibi mwa Uingereza, ni pana mno kwa kijiji kidogo kama hicho. Upana huo una sababu. Katika karne ya 13 Lacock ilikuwa na soko lake, na barabara iliachiwa nafasi ya vibanda, mifugo na mabunda ya sufu. Soko lilikwisha zamani, nafasi yake ikabaki. Taaluma ninayomkaribisha msomaji ndani yake huanzia hapo: kwenye alama za kazi ambazo hakuna anayezifanya tena, lakini bado zimekaa katika mawe na mbao.

Wasomi wa majengo walitumia vizazi vingi wakichunguza makanisa makuu na makasri. Nyumba ya mfumaji au ya mkulima ilionekana haina la kusema. Mambo yalibadilika katikati ya karne ya 20. Vernacular Architecture Group, chama cha watafiti wa nyumba za watu wa kawaida, kiliundwa mwaka 1952, na miaka mitatu baadaye mwanahistoria W. G. Hoskins alitoa kitabu kilichowafundisha Waingereza kuitazama ardhi yao yenyewe kama kumbukumbu ya historia. Sisi tuliokuja baadaye tunatembea katika njia waliyoifyeka.

Mgeni akisimama mbele ya nyumba huuliza ilijengwa mwaka gani. Ni swali halali, ila uso wa nyumba haufai kuaminiwa upesi. Wenye nyumba wengi wa karne ya 18 walijenga ukuta mpya wa matofali upande wa barabara na kuiacha nyumba ya kale nyuma yake kama ilivyokuwa. Ndiyo maana mimi huwaambia wanafunzi waanze na paa. Pale Lacock ipo nyumba inayoonyesha wazi mifupa yake: shina la mwaloni lililopinda lilipasuliwa katikati, vipande viwili vikasimamishwa vikitazamana na kuungana juu. Jozi kama hizo hupeleka uzito wa paa hadi chini. Ukuta wenyewe haukubeba kitu; ulikuwa wa fito zilizokandikwa udongo.

Mwaloni ulichongwa ukiwa bado mbichi, maana ukikauka ni mgumu kupindukia. Ulikaukia ndani ya jengo, ukajikunja, na nyumba ikajikunja pamoja nao. Lakini ubao huohuo umehifadhi pete za ukuaji wa mti, nene kwa mwaka mzuri, nyembamba kwa mwaka mbaya. Mtaalamu huzilinganisha na mfululizo wa pete ambao miaka yake inajulikana, na kama ukingo wa gome umesalia, anaweza kutaja hata majira ambayo mti ulikatwa. Kisha kuna masizi. Kenchi zilizopakwa moshi zinatueleza kwamba hapo zamani moto uliwaka sakafuni, katikati ya chumba kirefu kisicho na dari. Dohani na ghorofa ya juu vilienea baadaye, hasa katika karne ya 16 na ya 17, na ndipo familia zikaanza kugawanyika katika vyumba. Masizi hayo yananifundisha maisha ya nyumbani kuliko hati nyingi nilizowahi kuzifungua.

Swali ninalolipenda zaidi ni lingine: nani aligharamia, na kwa mali gani? Abasia ya Lacock ilianzishwa mwaka 1232 na Ela, Kauntesi wa Salisbury. Ghala la zaka la karne ya 14, ambalo bado limesimama kijijini, lilipokea nafaka, ngozi na sufu za watu waliolima ardhi ya watawa. Abasia ilifungwa mwaka 1539 katika utawala wa Henry VIII, ikauzwa kwa William Sharington, na baadaye ikawa mikononi mwa ukoo wa Talbot. Humo, mwaka 1835, William Henry Fox Talbot alipiga picha ya dirisha moja kwenye karatasi ndogo. Ndiyo negativu ya kamera ya zamani zaidi iliyosalia. Mwaka 1944 Matilda Talbot aliikabidhi abasia pamoja na kijiji kwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na ardhi za kihistoria.

Wageni husifu kijiji kwa kutobadilika, na watengenezaji filamu hukitumia kwa sababu hiyohiyo. Kwa maoni yangu, kilichokihifadhi ni umiliki. Mpangaji habomoi nyumba ya mwenye ardhi ili ajenge anayoitaka yeye. Karibu na ghala la zaka kuna chumba kidogo cha mawe cha karne ya 18, mahabusu ya walevi na wakorofi. Anayeusifia mtaa huu hana budi kukitazama nacho pia.

Sura zinazofuata zinatoka kwenye paa kwenda ukutani, kisha barabarani. Zisome ukiwa na daftari, na ukifika Lacock, kumbuka kwamba nyumba hizi zinakaliwa na watu. Kabla ya kuchungulia uani, piga hodi.