Fahamu: Tiba ya saratani inapokuwa ng'ambo ya bahari

Tiba ya mionzi huua seli za saratani kwa miale yenye nguvu. Mashine zake ni ghali na huhitaji wataalamu wa fizikia ya tiba, hivyo visiwa vidogo huchelewa kuzipata.

Kutoka Zanzibar hadi Ocean Road

Kwa miaka mingi wagonjwa wa Zanzibar wamevuka bahari kufuata mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mionzi hutolewa kwa kawaida siku 5 kwa wiki, kwa takriban wiki 5. Nauli ya boti hulipwa mara moja. Kinacholemea zaidi ni malazi, chakula na kipato kinachopotea cha ndugu anayemuuguza mgonjwa. Mwenye jamaa mjini hupata pa kufikia. Asiye naye huenda akakatiza matibabu, na kukatiza hupunguza uwezekano wa kupona.

Kabla ya safari

Aibu na hofu huwachelewesha wengi kupimwa, ingawa mabadiliko ya awali ya saratani ya mlango wa kizazi huweza kuonekana kwa kipimo rahisi cha siki. Chanjo ya virusi vya HPV, inayokinga dhidi ya saratani hiyo, ilianza kutolewa kitaifa Tanzania mwaka 2018.