Sufuri Inayonyamazisha Onyo

Lugha ya C humwachia mwandishi wa programu uhuru wote, hata wa kukosea. Akisoma kumbukumbu nje ya mipaka hazuiwi. Programu husonga mbele, ikaja kuanguka mahali pengine kabisa. Ndiyo sababu mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs alitengeneza lint, programu inayousoma msimbo bila kuuendesha na kuonyesha penye shaka. Vichanganuzi tuli vya leo ni wajukuu wake. Wapo wasemao majaribio yanatosha, lakini jaribio hupita njia zile tu ulizozifikiria. Februari 2014 Apple ililazimika kurekebisha simu zake kwa haraka kwa kuwa mstari mmoja, goto fail, uliandikwa mara mbili. Ule wa pili haukuwa na sharti, ukaruka uhakiki wa sahihi ya seva. Na kwa kuwa kigeu cha kuhifadhia kosa kilikuwa bado sufuri, simu ikasadiki kwamba mambo ni salama. Kompaila ya Clang ilikuwa na onyo la msimbo usiofikika kama huo, ila halimo katika -Wall, kundi ambalo wengi huliwasha wakadhani wamemaliza.

Pingamizi zito zaidi ni kelele. Ilithibitishwa kihisabati kabla C haijazaliwa kwamba hakuna chombo kinachoweza kuamua kwa hakika tabia ya kila programu, hivyo chombo kitakacho kunasa makosa yote hakiwezi kukwepa maonyo ya uongo, na mradi mkongwe unaweza kutoa maelfu. Nakubali kwamba yanachosha. Uchovu huo, hata hivyo, ndio unaozaa usafi wa bandia. Mwaka 2006 Valgrind (ambayo huchunguza programu ikiendeshwa, ila funzo ni lilelile) ililalamikia kumbukumbu isiyopewa thamani ndani ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, na katika mfumo endeshi wa Debian mistari husika ikaondolewa. Kelele zikaisha. Ikaisha pia karibu nasibu yote ya kutengenezea funguo za siri. Ikabaki namba ya mchakato, yaani thamani zisizozidi 32,768, na kosa halikugunduliwa hadi 2008.

Afadhali basi kuanza ukaguzi na msimbo mpya, aina moja ya onyo kwa wakati, na kulijibu kila onyo kama swali. Kompaila ikisema kigeu huenda kikatumika kabla ya kupewa thamani, inauliza ni tawi gani limesahauliwa. Anayeandika “= 0” ili kunyamazisha usumbufu hajajibu; tawi bado limesahauliwa, chombo hakitalitaja tena, na kwa desturi ya C sufuri hiyo mara nyingi humaanisha kazi imefanikiwa.