Sianidi na Dhahabu ya Namoya

Mashariki ya mji wa Kasongo, katika teritware ya Kabambare, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vipo vilima vya Namoya na Salamabila, ambako dhahabu ilichimbwa tangu enzi ya Wabelgiji, na ambako mgodi wa kampuni ya Banro ya Kanada ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Dhahabu haishiki kutu hata ikikaa ardhini karne nyingi, kwa sababu atomi yake huing'ang'ania elektroni yake, na oksijeni ya hewani peke yake haiwezi kuinyang'anya. Kupoteza elektroni huitwa oksidisho, kuipokea huitwa ridaksheni, na mambo hayo mawili hayatengani, kwani elektroni itokayo huku sharti ipokewe kule.

Ukaidi huo wa dhahabu ulipata dawa mwaka 1887, pale John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa jina la Forrest walipopata hataza ya njia ya sianidi mjini Glasgow, Uskoti. Sianidi ya sodiamu iliyoyeyushwa majini haichukui elektroni ya dhahabu. Kazi yake ni kuidaka atomi inayoipoteza na kuifunga kati ya sianidi mbili, isipate kurudi kuwa metali, na hapo ndipo oksijeni inapofaulu kuioksidisha. Ndiyo maana hewa husukumwa ndani ya matangi ya tope la mawe yaliyosagwa: pasipo oksijeni, sianidi haifui dafu. Baadaye mkaa wa vifuu vya nazi huinasa dhahabu, kisha dhahabu hiyo huoshwa kutoka mkaani kwa maji ya moto yenye soda kali, na umeme huirudishia elektroni yake hadi ikaganda juu ya nyuzi za chuma.

Kemia hiyohiyo ndiyo inayoua. Mwilini, sianidi hukamata chuma kilichomo katika kimeng'enya kinachokabidhi elektroni kwa oksijeni, hivyo seli hukosa pumzi ilhali damu imejaa oksijeni. Hata hivyo sianidi yenyewe huweza kuoksidishwa: ikitiwa dioksidi ya salfa na hewa, pamoja na shaba kidogo, hugeuka sianati, ambayo sumu yake ni ndogo mno ikilinganishwa nayo. Basi yeyote atakayetumia sianidi katika vilima hivyo ana wajibu wa kuyaoksidisha maji ya mabaki na kuyapima kabla hayajafika mtoni, na wakazi wa Salamabila wana haki ya kuonyeshwa vipimo hivyo.