Istilahi za Kupandikiza Nondo katika Zege

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi chache za kazi moja ya ujenzi, nayo ni ile ya kuingiza nondo katika zege la zamani na kuzishikiza kwa gundi. Miongozo ya kazi hiyo huandikwa kwa lugha za kigeni, na mfasiri akikosea neno moja, kosa lake huzikwa ndani ya nguzo ambamo mkaguzi hawezi kuliona.

Apitaye katika Jiji la Arusha, au katika miji iliyo chini ya Mlima Meru kama Tengeru na Usa River, huona majengo yenye nondo zinazochomoza juu ya nguzo zikingojea ghorofa ijayo. Nondo hizo zilimwagiwa zege pamoja na nguzo zenyewe. Pale zisipoachwa, fundi hana budi kutoboa zege na kuingiza nyingine. Hizi za pili twapendekeza ziitwe nondo za kupandikiza. Mkulima wa Meru hupandikiza miche, na daktari hupandikiza figo. Maana ya kukihamishia kitu mahali ambapo hakikuanzia imekwisha kuzoeleka.

Neno la pili ni kina. Wengine huandika "urefu wa nondo", lakini nondo yaweza kuwa ndefu na sehemu iliyozama ikawa fupi. Kinachobeba mzigo ni kina cha kuzama, yaani sehemu iliyoshikwa na gundi.

Neno la tatu ni kusafisha, ambalo peke yake halitoshi. Keekee huacha vumbi laini ukutani mwa tundu; gundi ikitiwa juu yake hushika vumbi badala ya zege. Kwa hiyo mwongozo utaje vitendo vitatu kwa mfuatano wake: kupuliza kwa hewa isiyo na mafuta kuanzia chini ya tundu, kusugua kwa brashi ya waya inayobana kuta zake, kisha kupuliza tena. Idadi ya marudio iandikwe kama alivyoagiza mtengenezaji wa gundi.

Vivyo hivyo, "tia gundi" ni agizo pungufu. Katika tundu la kina kirefu, gundi ikitiwa mdomoni hufungia hewa chini, na nondo hubaki na sehemu isiyoshikwa. Sharti mrija ufike mwisho wa tundu, gundi ijaze kutoka chini kuja juu huku mrija ukirudi nyuma polepole. Kisha nondo huingizwa kwa kuzungushwa, na gundi ikitokeza mdomoni ni dalili kuwa tundu limejaa.

Neno lenye hatari kuliko yote ni kukauka. Gundi ya namna hii ina sehemu mbili zinazochanganyika na kugeuka kuwa kitu kigumu kwa nguvu ya kemia. Haikauki kama nguo juani. Twapendekeza maneno mawili: kushika, gundi inapoacha kuwa laini na nondo haifai tena kuguswa, na kukomaa, inapofikia nguvu zake zote na kuweza kubeba mzigo. Muda kati ya hatua hizo hurefuka kwa baridi, na joto linalohesabiwa ni la zege lenyewe, si la hewa ya mchana. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na asubuhi za Juni na Julai huwa za baridi. Anayesoma "ikikauka" ataigusa kwa kidole na kuridhika. Anayesoma "ikikomaa" atatazama jedwali la saa.

Mwisho ni mzigo wa kudumu. Tarehe 10 Julai 2006, huko Boston, Marekani, vipande vya dari ya zege katika handaki la barabara viliangukia gari na kumwua abiria. Uchunguzi ulionyesha kwamba nanga za dari zilishikizwa kwa gundi ya kushika upesi, ambayo chini ya mzigo usiokoma ilivutika kidogo kidogo mpaka nanga zikachomoka. Mfasiri asiandike "mzigo" tu pale mwongozo unapotofautisha mzigo wa kudumu na wa muda.

Walimu wa ufundi na watumishi wa halmashauri wanaombwa kuyajaribu maneno haya kazini, na kuyapima kwa masikio ya mafundi.