Tovuti ikielemewa, dawa ni kubadili hifadhidata? Kweli na si kweli

Tovuti ikianza kusuasua kwa wingi wa wageni, hakosi fundi wa kutaja jina la hifadhidata nyingine. Ukibisha, atakuuliza: mbona Wikipedia walihama? Walihama kweli, na tuanzie hapo hapo.

Wikipedia iliihama MySQL kwa sababu haikuweza kubeba umati. Si kweli.

Mwaka 2013 Wikipedia ya Kiingereza iliacha toleo la MySQL lililoboreshwa na Facebook, ikaingia MariaDB. Mfumo wa zamani haukuwa hoi. Wikimedia, wanaoiendesha Wikipedia, walieleza wenyewe kuwa kasi haikuwa sababu kuu: walitaka programu huria inayoendelezwa kwa uwazi, ilhali MySQL ilikuwa imeangukia mikononi mwa kampuni ya Oracle. MariaDB ilianzishwa mwaka 2009 na Michael Widenius, mmoja wa waasisi wa MySQL, kwa hiyo waliohama walihamia kwa jamaa wa damu. Kasi iliongezeka, ndiyo. Ulizo lililorudiwa zaidi lilishuka kutoka wastani wa milisekunde 15.4 hadi 12.7. Kwa tovuti kubwa namna ile hiyo ni faida ya kujivunia, lakini kama mgeni wako anangoja ukurasa kwa sekunde nane, milisekunde tatu hazitamfaa kitu.

Tovuti ikianguka, mkosaji ni hifadhidata. Mara nyingi si kweli.

Tarehe 25 Juni 2009 Michael Jackson alifariki, na dunia nzima ikakimbilia ukurasa wake wa Wikipedia. Kwa kawaida msomaji asiye na akaunti hupewa nakala iliyokwisha kutayarishwa, inayokaa kwenye kache, bila kuisumbua hifadhidata. Siku ile wahariri nao walikuwa wakiubadilisha ukurasa mfululizo. Kila badiliko liliifuta nakala ya kache, na maombi yote yaliyokuta kache tupu yakaanza, kila moja kivyake, kuutengeneza upya ukurasa uleule mrefu uliojaa marejeo. Seva za programu zikaishiwa nguvu kwa kufanya kazi moja mara nyingi kwa wakati mmoja.

Ungewapa hifadhidata yenye kasi mara kumi siku ile, wangeanguka vilevile. Suluhisho lilikuwa programu ndogo iitwayo PoolCounter: seva chache tu huruhusiwa kuutengeneza ukurasa, nyingine hungoja, na foleni ikizidi msomaji anaweza kupewa nakala ya zamani kidogo. Hakuna aliyehama popote.

Huku kwetu umati wa aina hiyo huja siku ya matokeo ya mitihani, na hapo kazi ni nyepesi zaidi, maana matokeo yakishatangazwa hayabadiliki kila dakika. Kurasa zinaweza kutengenezwa zote mapema, zikawekwa kama mafaili ya kawaida. Anayenunua leseni ya hifadhidata ya bei mbaya kwa ajili ya siku hiyo moja anatupa fedha.

Faharasa moja inaweza kuondoa haja ya kuhama. Kweli.

Bila faharasa kwenye safu inayotafutwa, hifadhidata hupekua jedwali zima, safumlalo moja baada ya nyingine. Angalia kwanza kumbukumbu ya maulizo yanayochelewa. Inachosha kuisoma, ndiyo maana wengi huiruka.

Ipo hifadhidata iliyo bora kuliko zote. Si kweli.

Mwaka 2013 Uber walitoka MySQL wakaenda PostgreSQL. Mwaka 2016 wakaeleza kwa nini wamerudi MySQL. Lalamiko lao moja: katika PostgreSQL, kubadilisha sehemu ndogo ya safumlalo kuliweza kulazimisha faharasa zake zote zisasishwe, na mzigo huo ukasafirishwa hadi kwenye nakala zilizo katika vituo vingine vya data. Kwa mtu ambaye tovuti yake husomwa sana na kuandikwa kidogo, lalamiko hilo halina uzito wowote.

Basi kuhama hakusaidii kamwe. Si kweli pia.

Mwaka 2022 mtandao wa mazungumzo wa Discord walihamisha ujumbe wa watumiaji wao kutoka Cassandra kwenda ScyllaDB, na seva 177 zikapungua hadi 72. Lakini mbele ya hifadhidata waliweka pia huduma inayounganisha maombi: watu wengi wakiomba ujumbe mmoja kwa pamoja, hifadhidata huulizwa mara moja tu. Sifa zote zisiende kwa ScyllaDB.

Uhamisho ni kazi ya usiku mmoja. Si kweli.

Hata Discord, walioandika programu yao wenyewe iliyosukuma hadi rekodi milioni 3.2 kwa sekunde, walichukua siku tisa. Walipofika asilimia 99.9999 kazi ikakwama. Katika sehemu chache za mwisho zilikuwa zimerundikana alama za ujumbe uliofutwa zamani, ambazo Cassandra haikuwa imezisafisha, na kila jaribio la kuzisoma likapita muda uliowekwa. Ilibidi wazisafishe kwanza, ndipo zile chembe zilizosalia zikapita.