Dada Anatoka Nkoma, Nauli ya Kurudi Analipa Nani?

Marafiki zangu wa Mwanza na Dar wananijua kwa kitu kimoja: kwetu ni Nkoma. Basi likizo ya uzazi ikikaribia kwisha, zile siku 84, simu yangu huanza kuita. "Shoga, huko kwenu mabinti si wapo? Nitafutie mmoja, ila asiwe mjanja sana." Hapo ndipo huwa nachokaga! Asiwe mjanja maana yake nini? Asijue kuhesabu mshahara wake?

Kwa msiopajua, Nkoma iko wilayani Itilima, mkoa wa Simiyu. Kabla ya 2012 tulikuwa Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Mvua ikigoma, au bei ya pamba ikianguka, binti aliyemaliza shule anapanda basi kwenda mjini. Mkataba wake? Simu moja kati ya mama yake na mtu wa kati. Yeye mwenyewe wala hajaulizwa.

Kisha unakuja mchezo wa nauli. Bosi anatuma hela, binti akifika anaambiwa mshahara wa mwezi wa kwanza, wakati mwingine na wa pili, unafidia nauli ile. Akitaka kuondoka hana hata mia. Wengine hutoroka alfajiri, halafu sisi tunakutana kwenye kicheni pati kulalamika eti madada wa siku hizi hawana shukrani.

Jamani, ubishi huu ulishamalizwa kitambo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikumwacha nje dada wa kazi. Soma kifungu cha 43. Ukimtoa mtu kwao kuja kukufanyia kazi, ajira ikiisha ni juu yako kumrudisha ulikomtoa pamoja na mizigo yake, au kumpa nauli ya basi isiyopungua ile ya kufika stendi iliyo karibu na kwao. Haijalishi ulimfuata mwenyewe au ulimtuma mtu kama mimi. Na deni huwezi kulikata tu kwenye mshahara kienyeji. Lazima awe amekubali kwa maandishi.

Mshahara wenyewe je? Amri iliyoanza Januari 2023 ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kwa dada anayelala kwako, na 120,000 kwa anayelala kwake. Hapo nasemea nyumba zetu za kawaida, siyo za mabalozi. Oktoba 2025 vikatangazwa viwango vipya vya kuanza Januari 2026, kwa hiyo pitieni Ofisi ya Kazi mkaulize kabla ya kupatana.

Lakini kwangu mimi shida kubwa ni saa. Dada anayeamka saa 11 alfajiri na kulala saa 4 usiku yuko macho kazini saa 17. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, na siku moja nzima ya kupumzika. Tena wanandoa wenyewe hamjapatana: mama kashamwambia akalale, baba anatoka chumbani na shati la kupiga pasi. Amueni nyie wawili kwanza nani anatoa maagizo, ndipo mumwite dada sebuleni.

Umri nao. Chini ya miaka 14 ni marufuku kabisa, ila mimi aliye chini ya 18 simtafutii mtu, hata anune.

Maelezo ya kazi yaandikwe: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani, likizo ya siku 28, notisi. Sheria inataka pia aelezwe kwa namna anayoielewa. Wengi wetu tumekulia Kisukuma, kwa hiyo mimi huusoma mkataba kwa simu, spika wazi, mama mtu akisikiliza. Mkikwaruzana baadaye, kuna CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini, na pale Mwanza kuna WoteSawa, shirika lililoanzishwa na Angela Benedicto, ambaye naye aliwahi kuwa mfanyakazi wa ndani.

Mwezi uliopita nilisomea wanandoa wa Nyegezi mkataba wao hivyo hivyo. Mama wa binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na asipopapenda, atarudije?" Mume akachukua kalamu, akaongeza mstari wa nauli, na hela ile akaituma siku hiyo hiyo kwenye laini ya binti mwenyewe, aitunze.