Lubumbashi: Jezi ya Mazembe inavyoidanganya kamera

Mechi inapoanza saa tisa na nusu ya mchana katika uwanja wa TP Mazembe, komini ya Kamalondo, mpigapicha anayekaa pembeni mwa goli anakuwa na kazi mbili. Anafuata mpira, na anafuata kivuli cha jukwaa kinachozidi kusogea uwanjani. Mchezaji anatoka kwenye jua kali na kuingia kivulini kwa sekunde moja tu. Akifunga bao hapo, mara nyingi picha inaonyesha jezi nzuri na uso mweusi usio na macho. Gazeti haliwezi kuichapisha, na mpigapicha anayelipwa kwa picha anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kosa si la kamera. Kipimo chake cha mwanga hakijui rangi: kila kinachokiona, kinataka kukifanya kijivu cha katikati. Kikielekezwa kwenye kitu cheupe kinapunguza mwanga, kwenye kitu cheusi kinauongeza. Sasa kipe mistari myeupe na myeusi ya Mazembe!

Wengi wanaacha kamera ipime picha nzima. Siku ya mawingu njia hiyo inatosha kabisa, hakuna haja ya kuhangaika. Lakini nyuma ya mchezaji kukiwa na anga nyeupe au jukwaa linalopigwa na jua, kamera inapunguza mwanga, na ngozi nyeusi ndiyo inayoumia kwanza. Kupima katikati kunasaidia kiasi, mradi mchezaji abaki katikati, jambo ambalo yeye hakuahidi.

Kuna pia kupima nukta, yaani sehemu ndogo sana ya picha. Inasifiwa kupita kiasi. Kwa mtu aliyesimama, kama kocha au kipa anayesubiri penalti, ni nzuri: unapima uso, kisha unapunguza karibu hatua moja ili ngozi nyeusi isigeuke kijivu. Kwa mshambuliaji anayekimbia ni hatari. Nukta inaruka kutoka mstari mweupe hadi mweusi, na picha kumi za mfululizo zinatoka na mwanga kumi tofauti.

Njia ya uhakika zaidi ni kupima kabla ya filimbi na kuweka namba kwa mkono. Pima kiganja chako juani kwa nukta, ongeza hatua moja, uandike. Fanya vilevile kivulini. Kwenye jua kali, 1/3200 kwa f/4 na ISO 200 inakaribia kabisa. Kivulini, ISO inaweza kupanda hadi 1600. Mpira ukivuka kivuli, kidole kinabadilisha ISO peke yake. Na kivuli kikisogea, jua nalo linashuka, kwa hiyo mapumziko ni ya kupima tena.

Usiku ni habari nyingine. Taa nyingi za zamani zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa 50 Hz, na hapo hakuna njia ya kupima itakayokuokoa. Tafuta kwenye menyu ya kamera sehemu ya kuzuia kupepesa, kama unayo, au shusha kasi hadi 1/100 na ukubali miguu yenye ukungu.